Nyota imeniponza

Jamani, kwenye tarakilishi ya Linux sijaona alama hatari kama nyota. Nilitaka kufuta nakala kuukuu tu: rm *.bak. Kidole kikateleza, nikaandika rm * .bak. Nafasi moja tu! Kazi yangu ya wiki nzima ikafutika.

Wengi hudhani rm ndiyo inayoisoma nyota. La hasha! Sheli huibadilisha kwanza kuwa majina yote ya faili yanayolingana nayo, ndipo rm hukabidhiwa orodha. Rm haijui hata kwamba uliandika nyota, basi itakuonyaje?

Maoni yangu: anza na echo *.bak, usome orodha. Ukiridhika, irudishe amri hiyo kwa mshale wa juu, ubadilishe echo iwe rm. Wewe je, nyota imeshakuponza?