Risasi Zisijazwe Majumbani

Katika vijiji vya tambarare ya Same vinavyopakana na Mkomazi, kuanzia Kisiwani hadi Ndungu na Kihurio, mkulima hana adui mmoja. Mvua ikikosekana hupata hasara. Na mvua ikinyesha, mahindi yakastawi, tembo huweza kuja usiku wakayamaliza. Si ajabu basi kwamba mazungumzo ya ulinzi wa shamba huishia kwenye bunduki. Mwenye bunduki ya halali huitazama bei ya risasi, akayatazama na maganda matupu aliyoyaweka kando baada ya kufyatua, akajiuliza kama hayawezi kujazwa tena kwa mkono wake mwenyewe.

Swali hilo si la kipuuzi, wala anayeliuliza si lazima awe jangili. Lakini jibu lake ni moja: risasi zisijazwe majumbani. Na kwa kuwa katazo lisiloelezwa sababu huzaa ukaidi, sababu hizo hazina budi kuwekwa wazi.

Risasi ya bunduki ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba; kuna fataki ndogo kitakoni mwa ganda hilo; kuna baruti ndani yake; na kuna kichwa kilichobanwa mdomoni. Kifyatulio kikivutwa, pini huigonga fataki, cheche huiwasha baruti, na gesi inayotokea hukisukuma kichwa nje ya mtutu. Ganda hubaki. Ni kweli, kwa hiyo, kwamba ganda moja laweza kutumika zaidi ya mara moja. Katika nchi kama Marekani wako wawindaji na wapiga shabaha wengi wanaofanya hivyo kwa ruhusa ya sheria, wakiwa na mashine za mkono, mizani ya kupimia uzito mdogo kabisa, na vitabu vya vipimo vilivyojaribiwa maabara.

Wala haiwezi kusemwa kwamba milima ya Upare haijapata kuwa na mafundi. Muda mrefu kabla ya ukoloni, wahunzi wa ukoo wa Washana huko Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma, na chuma cha Upare kilitafutwa hata na Wachagga wa Kilimanjaro. Upungufu wa akili au wa mikono haujawa tatizo huko. Tatizo ni jingine, na historia ya sehemu hizo hizo inalionyesha vizuri.

Mwezi Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani iliyoitwa Rubens ilifukuzwa na manowari ya Waingereza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazamia humo. Wajerumani waliuokoa mzigo wake, zikiwemo risasi nyingi sana, lakini maji ya bahari yalikuwa yamekwisha kuingia. Baruti na fataki zikazidi kuharibika siku hata siku. Ikaamuliwa kwamba risasi zote zifumuliwe, baruti isafishwe, fataki mbovu zibadilishwe, kisha zijazwe upya. Kazi hiyo ilifanyika Moshi Mpya, ndio mji wa Moshi wa leo, ambao reli ya kutoka Tanga inayopita Same ilikuwa imeufikia mwaka 1911. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba askari, wapagazi na kila mtu aliyeweza kupatikana waliwekwa kwenye kazi hiyo toka asubuhi hadi usiku, kwa miezi.

Matokeo yake yalikuwa nini? Katika risasi zilizohesabiwa kuwa nzuri, takriban 20 katika kila 100 hazikulia, na hizo ndizo zilizopelekwa vitani. Zilizokuwa mbovu kupita hizo ziliachwa kwa mazoezi. Zile chache za kiwandani ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa akiba kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake, kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kuziamini zile nyingine katika silaha hizo.

Jeshi hilo lilikuwa na karakana, wasimamizi na baruti iliyotoka kiwandani. Lilikubali risasi moja kati ya tano isilie kwa sababu lilikuwa limefungiwa bahari na adui na halikuwa na njia nyingine. Mkulima wa Same hajafungiwa bahari na mtu. Na baruti ya kuokoteza asiyoijua asili yake haimpi matumaini yoyote zaidi ya ile iliyolowa maji ya chumvi.

Tena risasi isiyolia ndiyo yenye madhara madogo. Risasi ya kawaida ya bunduki kubwa huhitaji baruti ya takriban gramu tatu tu. Ikizidi kidogo, au ikiwa ni ya aina nyingine inayoungua upesi zaidi ingawa kwa macho zinafanana, mkandamizo hupita uwezo wa chuma, na bunduki hupasuka karibu na uso wa aliyeishika. Ikipungua, kichwa huweza kukwama ndani ya mtutu bila mpigaji kutambua. Akifyatua ya pili, mtutu hupasuka. Ganda nalo huchoka kila linapotumika, likapata ufa ambao jicho halioni. Anayelinda shamba usiku, tembo akiwa hatua chache mbele yake, hana nafasi ya kugundua kwamba alikosea kupima. Shilingi alizookoa kwenye risasi hazitamrudishia jicho wala mkono.

Liko pia jambo la usalama wa wote. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza silaha au risasi bila leseni. Msingi wake unaeleweka: risasi ya dukani ina mahali ilipoandikwa, na mnunuzi wake anajulikana, risasi iliyojazwa uvunguni mwa kitanda haina daftari. Leo humlinda mkulima, kesho huuzwa kwa jangili au kwa mnyang'anyi. Magobore yanayoundwa kienyeji yamekwisha kutoa funzo hilo, na ndiyo maana katika miaka ya 2022 na 2023 serikali ilitoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari yao. Mkomazi, iliyotangazwa pori la akiba mwaka 1951 na ambayo sasa ni Hifadhi ya Taifa, iliwapoteza faru weusi na tembo wengi kwa ujangili kabla ya Operesheni Uhai ya mwaka 1989 kupambana na majangili nchini kote. Faru waliopo humo sasa wametokana na wale walioletwa upya kwa gharama kubwa.

Hata hivyo, itakuwa si haki kumwambia mkulima asijaze risasi kisha kumwacha peke yake na tembo. Katazo lina nguvu pale tu ambapo wajibu umetimizwa. Shirika la Mzinga lililoko Morogoro hutengeneza risasi hapa hapa nchini. Yafaa risasi hizo zimfikie mwenye leseni wilayani kwa bei anayoimudu, bila kumlazimu kusafiri hadi miji mikubwa. Askari wa wanyamapori wafike tembo wangali shambani, siyo kesho yake kuhesabu mabua. Kifuta jasho na kifuta machozi, ambavyo kanuni zake zilitungwa mwaka 2011, vilipwe kabla msimu mwingine haujaingia, maana malipo yanayochelewa hayamfuti mtu jasho. Na uzio wa mizinga ya nyuki, ambao umejaribiwa kwa mafanikio huko Sagalla karibu na Voi, upande wa Kenya wa nyika hiyo hiyo, unastahili kuenezwa, kwani humfukuza tembo na kumpa mkulima asali.

Kwa mafundi wenye vipaji, mlango wa halali upo. SIDO imekuwa ikihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Kijana anayeweza kutengeneza mtutu kwa bomba la maji anaweza pia kutengeneza pampu, jembe la kukokotwa na mashine ya kukoboa mpunga wa Ndungu. Afisa anayemkamata kijana huyo bila kumwonyesha mlango huo amefanya nusu ya kazi yake.

Watumishi wa vijijini na walimu ndio wanaosikilizwa kwanza. Mtendaji wa kijiji anajua ni nani ameliwa shamba na barua yake ya madai imelala meza gani. Mwalimu anaweza kumfundisha mwanafunzi kwamba risasi iliyookotwa porini haichezewi wala haigongwi kwa jiwe, bali huachwa ilipo na mkubwa akaarifiwa. Barua ikitembea na somo likifundishwa, mkulima hatakuwa na sababu ya kukaa usiku chini ya kibatari akipima baruti kwa kijiko, watoto wake wakiwa wamelala chumba cha pili.