MAISHA YA WANYAMA: Yatima wa Gorila

Leo twapanda pamoja milima ya moto iliyo mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, tukawatazame gorila. Mwaka 1902 Mjerumani Robert von Beringe aliwapiga risasi wawili katika mlima Sabyinyo. Hata leo jina alilopewa mnyama huyu na wataalamu lafuata jina la mtu yule aliyemwua. Tangu hapo wawindaji wakavumisha habari za kutisha, kana kwamba gorila hana kazi ila kurarua watu. Kumbe yeye hula majani, mabua na machipukizi ya mianzi, hata mimea iwashayo mkono, na kila jioni hujitandikia kitanda kipya cha majani.

Mkubwa wa jamaa ni dume ambaye mgongo wake, apatapo miaka 12 hivi, hugeuka rangi ya fedha. Jike huzaa mtoto mmoja, akakaa miaka 4 hivi kabla ya kuzaa tena, na muda huo mtoto hulala naye kitanda kimoja. Je, mama akifa?

Dian Fossey alipiga kambi Karisoke, nchini Rwanda, mwaka 1967, na kazi ya kuwaangalia gorila haikukoma hata baada ya yeye kuuawa mwaka 1985. Mwaka 2021 ikatangazwa habari iliyokusanywa kwa miaka 50 na zaidi: mtoto aliyekwisha kupita miaka 2 akifiwa na mamaye, hayumo katika hatari ya kufa kuliko wenziwe. Jamaa humkaribia, na zaidi ya wote ni yule dume mkubwa. Sisi tuliozoea kumwita mnyama mkali, twastaajabu.

Lakini dume naye akiuawa, nyumba yote hutikisika. Dume mwingine huweza kuwaua watoto wachanga, ili mama zao wazae tena upesi. Kwa hiyo jangili aangushaye mmoja, hajui ameua wangapi.

Mwezi wa Julai 1978 majangili walimwua dume mlinzi wa kundi moja la Karisoke, na jike aliyeitwa Macho. Mtoto wao, Kweli, mwenye miaka 3, alipigwa risasi begani. (Majina hayo ya Kiswahili ni Fossey aliyewapa.) Dume kijana, Tiger, akawa akimkumbatia usiku. Hata hivyo kidonda kilioza, na baada ya miezi mitatu Kweli akafa.

Siku hizi gorila wa milimani, pamoja na wale wa Bwindi, wamepita 1,000. Lakini mitego ya kamba iliyotegewa paa ingali ikiwanasa watoto wao. Mwezi wa Julai 2012, siku chache baada ya mtego kumwua mtoto wa kundi lao huko Rwanda, mlinzi mmoja aliona mtego mwingine, akaenda kuutegua. Dume mkubwa akamkoromea arudi nyuma. Ndipo watoto wawili wa miaka 4 hivi, Rwema na Dukore, wakaukimbilia: mmoja akaurukia mti uliopindwa akauvunja, na mwenzake akaifungua kamba.