Mafundi wote matapeli? Na sisi je?

Naam, nimerudi. Mliouliza kama nimeolewa kimyakimya, hapana, nilikuwa nakarabati nyumba ya mama. Na mlioniona mjini mkadhani nimeota mvi, lile lilikuwa vumbi la saruji. Kwi kwi kwi.

Wiki iliyopita nilikuwa nawasimulia rafiki zangu watatu yaliyonikuta na fundi wangu. Wote wana digrii, wote wanafanya kazi kwenye kiyoyozi. Sijafika hata nusu ya kisa, wa kwanza akasema mafundi wote matapeli. Wa pili akasema nisimlipe hata senti tano. Wa tatu ana mjomba wake polisi, akaniambia nimpe tu namba ya simu ya huyo fundi: akamatwe Ijumaa jioni, alale ndani mpaka Jumatatu, "pesa yako utaiona." Tukacheka sana. Nilipofika nyumbani nikakuta mama amehamishia kitanda chake uani, kwa wapangaji, kwa sababu anaogopa kulala ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sikucheka tena.

Ngoja niwape kisa, halafu tugombane.

Nyumba aliijenga marehemu baba miaka ya themanini, kwa tofali za inchi sita, chumba kimoja kimoja kadiri mshahara ulivyoruhusu. Mwaka 2025 nilipata mkopo kazini nikajiona mtu mzima. Nikataka ukuta kati ya sebule na jiko utoke, pawe pana kama zile nyumba za Instagram. Tena nikataka zege limwagwe juu ya upande wa barazani, tupandishe vyumba viwili vya kupangisha, mkopo ujilipe wenyewe. Hesabu tamu.

Nikaita watu wawili wanipe bei. Kampuni ya kwanza imesajiliwa Bodi ya Makandarasi, ikaniletea karatasi ya milioni 31. Ndani yake kulikuwa na michoro, mhandisi wa kuja kuchimba na kuutazama msingi, ada za kibali, na muda wa kukisubiri hicho kibali. Wa pili aliletwa na mtu wa ofisini. Ana pikapu, ana muhuri, anajiita mkandarasi. Alizunguka nyumba mara moja, akagonga ukuta kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji, akasema: "Dada yangu, milioni 19. Miezi miwili unakunywa chai ghorofani."

Nikamuuliza kuhusu kibali.

"Huu ni ukarabati mdogo tu, dada. Na hata hivyo usijali, nina mtu wangu manispaa. Nitumie laki sita ya kibali, Jumatatu tunaanza."

Nikatuma. Saa nne usiku, kwa simu, nimelala kitandani. Sikuomba namba yake ya usajili. Bodi ya Makandarasi ipo kwa sheria tangu mwaka 1997 na kuuliza kama mtu yumo kwenye daftari lao si kazi ya siku nzima. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali sikuuliza hata moja.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo, nilikuwa mmoja wa waandishi waliokwenda pale. Nilisimama na daftari siku kadhaa. Nilisikia watu wakihesabu ndugu zao waliokuwa chini ya kifusi na bado wanapiga simu kutoka humo. Zaidi ya watu 25 walikufa. Wafanyabiashara wa jirani walisema kulikuwa na kazi ya kuchimba na kupanua sehemu ya chini ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Mnasikia neno hilo? Kupanua. Jengo lilikuwa limesimama miaka yote, mtu akataka nafasi kidogo zaidi. Rais Samia akaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, na mimi nikaandika makala kali, kali kweli, nikiuliza wenye majengo wana roho gani. Bado ninayo. Nimeisoma tena juzi. Mwandishi wake ana ujasiri sana kwa nyumba za watu wengine.

Haya, turudi nyumbani. Ukuta ulitoka kwa siku mbili. Mahali pake palipita lenta yenye nondo mbili za milimita 10, zimefungwa ringi chache kama vifungo vya shati la mtu maskini. Zege la juu likamwagwa Jumapili, siku ambayo maofisa hawazunguki. (Nilidhani ni bidii ya kazi.) Mirunda ya kushikilia zege, ambayo mafundi wenye akili huiacha wiki tatu na zaidi, iling'olewa siku ya tisa kwa sababu fundi alikuwa na kazi nyingine anaihitaji. Siku ya kumi na mbili mama akaniita nione "mstari." Ulikuwa ufa, umeanzia pembe ya dirisha la sebule umeshuka mpaka sakafuni, unaingiza kidole. Mwingine ulikuwa kwenye ukuta wa jirani yetu, bibi wa watu anayeuza maandazi, ambaye hakuwa ameomba sebule pana wala vyumba vya kupangisha.

Bibi akaenda kwa mjumbe, mjumbe akaenda serikali ya mtaa, na kesho yake manispaa hao, na kopo la rangi nyekundu. X kubwa ukutani. SIMAMISHA UJENZI. Fundi akazima simu siku nne.

Alipoiwasha alikuwa mkali kuliko mimi. Anadai milioni tano zilizobaki, kwa kuwa kazi "imefikia asilimia themanini." Mimi nikadai anirudishie milioni 14 nilizompa, pamoja na laki sita. Tukapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee mpole, akatusikiliza nusu saa nzima bila kukatiza. Halafu akauliza jambo moja.

"Wanangu, kibali kiko wapi?"

Fundi akanitazama. Na mimi nikamtazama fundi.

"Sasa mnataka niamue nini hapa?"

Rafiki yangu mwanasheria alinieleza vizuri zaidi, bila upole wa mzee. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 haikuachii uendeleze kiwanja mjini kama unavyoamka, lazima mamlaka ya mipango ikupe idhini. Kwa hiyo nikienda mahakamani nitamwambia hakimu nini? Kwamba mheshimiwa, nilimlipa huyu bwana avunje sheria, naye ameivunja vibaya?

Kwa hiyo nasema hivi, na najua nitatukanwa. Sisi tunaojiita wasomi tuna wimbo mmoja: fundi mwizi, fundi mwongo, fundi hana elimu. Sawa. Wangu ni mwongo, sitamtetea, na nitamshika kwa laki sita mpaka mwisho, maana pesa ile alisema ni ya kibali na manispaa hakuna faili lenye jina la mama yangu. Huo ni wizi mtupu. Lakini zile milioni 12 za tofauti kati ya karatasi ya kwanza na ya pili, nani aliiba? Bei ya fundi ilikuwa rahisi kwa sababu haikuwa na mhandisi ndani. Haikuwa na mchoro. Haikuwa na mtu wa kusema "msingi huu ni wa nyumba ya chini, haubebi ghorofa." Niliziona karatasi zote mbili, nimesoma hesabu mpaka chuo kikuu, nikajua vizuri ni nini kimepungua. Nikafurahi. Nikawaambia wenzangu ofisini nimepata fundi mzuri wa bei poa. Sasa natoa macho kwa mwenyekiti nikidai kitu ambacho nilikataa kukinunua.

Hivi, "ukarabati mdogo" ni nini? Kupaka rangi ni ukarabati mdogo. Kubadilisha kitasa cha mlango, kuweka vigae chooni. Ukigusa ukuta unaobeba uzito hujakarabati, umejenga upya nyumba nyingine juu ya miguu ya ile ya zamani. Mafundi wanalijua hilo. Wenye nyumba tunalijua pia. Lile neno "mdogo" tumeliweka pale ili kila mtu alale usingizi.

Msidhani nawaacha manispaa. Lundo langu la kokoto lilikaa barabarani wiki sita, daladala zinalikwepa, na hakuna ofisa aliyesimama kuuliza. Walikuja baada ya ukuta kupasuka, na walikuja na rangi, si na mhandisi. Rangi ni rahisi. Halafu ukienda kuomba kibali kwa njia halali, faili lako linazunguka kutoka ardhi kwenda mipangomiji, afya, zimamoto, mhandisi, na kila meza ina mtu ambaye "ametoka kidogo." Mtu anayesema hilo si kikwazo hajawahi kuomba. Lakini na mimi sikuwahi kuomba! Nilichoka na foleni ambayo sikuwahi kuipanga. Nilikuwa nimesikia habari zake tu, zikanitosha kuwa kisingizio.

Mwezi Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na watu 36 wakafa. Wengi tulikuwa shule au chuo, tulilia, tukasema haitatokea tena. Kariakoo ikaja baada ya miaka 11. Katikati hapo sisi wenyewe tumekua, tumepata mikopo, tumekuwa ndio wateja.

Sasa wewe rafiki yangu wa mjomba polisi. Unajua nani alikuwa analala chini ya lile zege? Si mimi, niko kwangu nilikopanga. Si fundi, yeye ana kwake na ana pikapu. Walikuwa vijana watatu vibarua, wametoka mkoani, wanalala kwenye mifuko mitupu ya saruji barazani ili walinde nondo zangu zisiibwe. Siku mirunda inang'olewa ndio walioing'oa, kwa mikono yao, kichwa kiko chini. Wanadai ujira wa siku 11. Ukimtupa bosi wao mahabusu Ijumaa, wao watalipwa na nani Jumamosi? Na deni ni la madai, si kesi ya jinai. Tukiwa na kalamu tunawaandika polisi wanaogeuka wakusanya madeni, tukidaiwa sisi tunatafuta mjomba. Vijana nimewalipa mwenyewe juzi, kila mtu chake. Fundi aliposikia amecheka, anasema nimeanza kulainika.

Mhandisi, wa kweli safari hii, amekuja na ameshatoza. Anasema zege la juu livunjwe lote, pole pole, kutoka juu kwenda chini, na ukuta wa bibi ndio utengenezwe kwanza kabla hatujagusa kwetu. Gharama imepita ile karatasi ya milioni 31. Mirunda imerudi, ninaikodi kwa siku.

Jana usiku fundi kapiga. Sauti laini. "Dada yangu, tusifikishane mbali. Ile laki sita tuihesabu kwenye deni lako, unibakizie milioni nne na laki nne, yaishe."

Nimemwambia tukutane Jumamosi saa nne asubuhi kwa mwenyekiti. Nimeshachapisha ujumbe wote wa M-Pesa, na bibi wa maandazi nimemwomba akae kiti cha mbele.