Mapunye Hayaponi kwa Wembe



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wanaliona dogo, nalo ni mapunye. Katika madrasa zetu hapa Buyenzi, Bujumbura, mtoto akionekana ana mabaka ya magamba kichwani na nywele zimekatika, hukumu huwa mbili: anyolewe kipara, au arudishwe kwao mpaka apone. Mimi sikubaliani na hukumu zote mbili.

Mapunye ni fangasi, ndugu wa choa cha mwilini, isipokuwa huyu wa kichwani huingia ndani ya unywele mpaka shinani. Wembe unakata kilicho juu tu, na pengine mashine ya kinyozi isiyosafishwa ndiyo iliyomletea mtoto. Dawa ya kupaka peke yake nayo haifiki shinani. Ama mafuta ya taa na maji ya betri, huko ni kumuunguza mtoto. Na zile krimu za betamethasoni hutuliza muwasho na kuficha ugonjwa, huku fangasi wanaenea.

Dawa yake ni ya kumeza. Griseofulvini ilianza kutumiwa na binadamu mwaka 1958. Daktari hupima kiasi kwa uzito wa mtoto, na humezwa wiki 6 hadi 8 pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, maana bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Ipo pia terbinafini, ambayo mara nyingi humezwa wiki 4. Tatizo ni kwamba wiki ya pili muwasho ukipungua, vidonge huwekwa juu ya kabati. Baada ya muda mapunye yanarudi, na dawa inasingiziwa kuwa haifai.

Najua vidonge vya wiki zote hizo ni mzigo kwa nyumba yenye watoto watano. Lakini michango ya maulidi tunaiweza kila mwaka, alhamdulillah. Kwa nini madrasa isiwe na mfuko mdogo wa dawa?

Kuhusu kumfukuza mtoto: akishaanza vidonge hakuna haja ya kumzuia kusoma. Ukimrudisha nyumbani atacheza na watoto wale wale mtaani, na juzuu aliyokuwa anahifadhi itampotea. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, wala hakutufundisha kumwaibisha mgonjwa. Tena amekataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha nyingine, kwa hiyo hata wale wanaonyoa baka peke yake wajiulize.

Wasichana ndio wanaosahaulika, kwani mtandio unaficha. Akina mama wakague wakati wa kusuka, na chanuo lisizunguke vichwa vyote vya nyumba. Kila mtoto awe na kofia yake na taulo lake. Walimu wenzangu, lile rundo la kofia za akiba pale mlangoni tuliondoe.

Mmoja akigundulika, kagueni ndugu zake wote, na paka wa nyumbani pia kama ana sehemu zilizonyonyoka manyoya. Na kichwa kikivimba na kutoa usaha, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwani mkichelewa nywele huenda zisiote tena mahali hapo.

Wabillahi tawfiq.