Haki ya mwenye wavu baharini

Ndugu Waislamu, miongoni mwa adabu alizotufundisha Mtume wetu (S.A.W.) ni kuwa aliyepanda mnyama ndiye aanze kumsalimu aendaye kwa miguu. Wanavyuoni wameeleza kwamba hekima yake ni kumwepusha mpandaji na kiburi.

Sasa tuitazame bahari ya Kilwa. Baina ya Masoko na Kisiwani, hadi kuelekea Songo Mnara, boti za injini hupita kwa kasi ubavuni mwa ngalawa, ilhali maboya ya nyavu yanaonekana waziwazi. Rafadha ikishalikata jarife, nahodha hageuki hata kuomba radhi. Je, mwenye injini si ndiye mpandaji wa zama hizi? Na apunguze mwendo, alizunguke boya, atoe salamu. Akiharibu, alipe, haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake.

Naye mvuvi aliyedhulumiwa asilipize kisasi kwa kukata kamba ya nanga ya mwenziwe. Aishike namba ya chombo, apeleke shauri kwa kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU), kinachotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Akisamehe, hiyo ni fadhila yake mwenyewe; wazee wasimshurutishe kwa jina la ujirani, hali watoto wake wanalala na njaa.