New Haven: wazazi na walimu walipoacha kutafuta mchawi

Mzazi akiitwa shuleni, la kwanza kujiuliza ni: mtoto kaharibu nini? Katika mji wa New Haven, Marekani, wazazi Weusi wengi waliishi na swali hilo. Mwaka 1968, shule mbili za msingi mjini humo, zenye watoto karibu wote Weusi na wa familia maskini, zilikuwa zikishika mkia. Walimu walisema wazazi hawajali. Wazazi walisema watoto wao wanadharauliwa.

Ndipo James Comer, daktari Mweusi wa akili za watoto kutoka Chuo Kikuu cha Yale, alipoingia na wenzake. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani ambaye hakupata elimu, lakini watoto wake walifika chuo kikuu. Comer hangeweza kuamini kwamba mzazi asiyesoma hana mchango.

Mwaka wa kwanza ulikuwa vurugu tupu. Kilichogeuza mambo ni kikao kimoja cha mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wataalamu wa malezi, kilichopanga mambo ya shule. Kulaumiana kulikatazwa. Uamuzi ulitokana na makubaliano, si kura, ili pasiwe na upande unaotoka umeshindwa.

Comer anasimulia kisa cha mtoto wa miaka 8 aliyehamia mjini kutoka kijijini, kusini mwa nchi. Shangazi yake alimwacha shuleni akiwahi kazini. Mwalimu hakuwa na habari za ujio wake. Mtoto akaingiwa na hofu, akampiga mwalimu teke, akakimbia. Adhabu ingekuwa rahisi. Badala yake walijiuliza mtoto aliogopa nini, kisha wakaweka utaratibu wa kuwapokea wanafunzi wageni.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, shule za mpango huo zilikuwa miongoni mwa zinazofanya vizuri mjini. Hesabu miaka hiyo, msikilizaji: zaidi ya 15, siyo muhula mmoja.

Mpango ulienea katika mamia ya shule, na matokeo hayakulingana. Hilo halitushangazi. Kuunda kamati ni kazi ya siku moja. Kumfanya mama anayefua nguo za watu aseme mbele ya mwalimu mkuu, naye asikilizwe, ndiko kulikochukua miaka.