Mzee Mpangaji na Haki ya Manfaa

Imezoeleka hapa Moshi kudhani kwamba kila mzee ana kihamba. Akistaafu, husemwa, atapanda mlimani akakae penye migomba yake. Lakini vihamba vya Kibosho na Machame vimegawanywa kizazi baada ya kizazi, hata vingine havitoshi kuongezwa chumba. Na wapo wazee wa Majengo, Njoro na Pasua ambao babu zao walikuja na reli, iliyofika Moshi mwaka 1911, au walikuja kwa biashara, wala hawakupata kuwa na kihamba. Wengine huteremka mjini uzeeni ili wawe karibu na Mawenzi au KCMC. Wote hawa ni wapangaji.

Tuzitazame nyumba wanazopangishwa. Vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Mzee aamkaye usiku mara tatu huvuka ukumbi wenye giza, akashuka ngazi mbili zisizo na pa kushika, akapita ua uliolowa mvua ya masika, kisha akachuchumaa. Alfajiri hutawadha kwenye bomba lililo chini, mgongo umepinda.

Wanavyuoni wa fiqhi wameiweka kodi ya nyumba katika mlango wa ijara. Kinachouzwa humo si ukuta wala bati, bali ni manfaa ya kukaa; na ila inayozuia manfaa humpa mpangaji khiyari ya kuuvunja mkataba. Hatusemi kwamba kila ngazi ni ila, kwani kijana haimdhuru. Lakini mwenye nyumba ampangishaye mzee ilhali anajua kuwa hawezi kukifikia choo bila kuhatarisha nyonga yake, yampasa ajiulize ni manfaa gani aliyomuuzia.

Marekebisho yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Kipande cha bomba la chuma kikichomekwa ukutani chooni na kingine penye ngazi, taa moja ya uani, sakafu iliyokwaruzwa isiteleze, bomba la udhu lililoinuliwa na kibao cha kukalia. Panapowezekana, choo cha kukaa. Ngazi yenye kimo cha sentimita 15 yaweza kugeuzwa mteremko wa urefu wa mita 1.8. Na baraza isizibwe kwa ajili ya duka, kwani mzee anapenda kuwaona wapitao na kuitikia salamu.

Ama kodi, sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti upandishaji wake ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo miezi sita au mwaka mzima mbele imekuwa ada. Mstaafu hupokea pensheni yake mwezi kwa mwezi. Hiyo ya miezi sita ataitoa wapi? Wengine humkataa kwa hofu kwamba atafia humo (kana kwamba vijana wameandikiwa mkataba wa uhai). Husahau kuwa mzee hahamihami, wala hapigi muziki usiku kucha.

Misikiti yetu yenye nyumba za wakfu haina udhuru. Chumba cha mbele, kisicho na ngazi na kilicho hatua chache kutoka msikitini, aghlabu hupewa mfanyabiashara kwa kuwa hulipa zaidi. Pale ambapo sharti la aliyeweka wakfu halikatazi, tunaziomba kamati zitenge chumba kimoja cha namna hiyo kwa mzee, kwa kodi ya mwezi kwa mwezi, na taa ya uani iwe imewekwa kabla ya masika ya Machi.